Tamthilia Haifufuki kwa Bando

Jumapili iliyopita nilikuwa Uthiru kwa shangazi yangu. Mjukuu wake, kijana wa chuo kikuu, alikuwa amemwandalia zawadi: vipindi vya zamani vya tamthilia aliyoipenda, vya miaka ile ambapo sebule ilijaa majirani na wengine wakakaa kwenye mikono ya kochi. Kijana alivitafuta mtandaoni, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akasema, "Shosho, tazama, wamerudi wote."

Shangazi akavaa miwani. Alicheka palipochekesha, akamlaani mama mkwe kama zamani, akamwita kila mtu kwa jina lake la kwenye mchezo. Alipotokea mzee mmoja akanyamaza kidogo. "Huyu alishafariki, jamani," akasema, kisha akaendelea kutazama. Kipindi kikaisha, na kabla hajapata nafasi ya kukisikitikia, kingine kikaanza chenyewe. Akauliza mbona haraka hivyo. Kijana akamweleza, kwa furaha ya mtu aliyeleta habari njema, kwamba vipo tele. Anaweza kuvimaliza usiku huo huo, au alfajiri, au hata kanisani mhubiri akichosha.

"Sawa. Kesho ni saa ngapi?"

"Hakuna saa, Shosho. Ni saa yoyote unayotaka."

"Basi sitaiona," alisema shangazi, akavua miwani na kuvuta sinia lake la njegere.

Tulicheka. Lakini jibu hilo lilinifuata kwenye matatu ya namba 23 nikirudi mjini, na halijaniacha. Halafu, siku mbili baadaye, rafiki yangu anayeandika miswada ya runinga akaniita tunywe chai karibu na Kimathi Street. Ameitwa na watu wenye pesa. Wanataka kurudisha jina moja kubwa la zamani (hakunitajia, nami sikumbana) litazamwe kwenye simu. Vipindi vinane, kila kimoja dakika kumi na mbili. Nikamuuliza, na baada ya hivyo vinane? Akainua mabega. "Tutaangalia namba."

Kauli hiyo ndiyo iliyonikera hadi nikaandika haya.

Wasomaji wa rika langu wanajua tamthilia yetu ilikotoka, ila vijana wanaozaliwa na simu mkononi huenda hawajui. Mwaka 1987, KBC ikiwa bado inaitwa Sauti ya Kenya, ilitangaza Tushauriane, hadithi ya kuendelea iliyoingiza suala la uzazi wa mpango sebuleni bila mtu kuhubiriwa. Nchi ilikuwa imetoka katika muongo ambao mwanamke Mkenya alizaa kwa wastani karibu watoto wanane. Mbinu ya Tushauriane ilitoka mbali, kwa Miguel Sabido wa Mexico, ambaye miaka kumi hivi kabla ya hapo alikuwa ametumia tamthilia ya Acompáñame kwa jambo hilo hilo. Siri ya Sabido haikuwa mhusika mwema wala mhusika mbaya. Ilikuwa mhusika wa katikati, mtu anayesitasita, anayekosea, anayeshauriwa na wabaya Jumatatu na wema Alhamisi, na anayebadilika polepole mbele ya macho ya mtazamaji mpaka mtazamaji naye anaanza kujipima. Mbinu hiyo inahitaji miezi. Hakuna mume mkaidi aliyewahi kubadilika kwa vipindi vinane vya dakika kumi na mbili, si kwenye runinga wala nyumbani.

Halafu ikaja Tausi katika miaka ya 1990, na watu wa bara tukajifunza Kiswahili cha mwambao na unafiki wa matajiri kwa wakati mmoja. Pale Harry Thuku Road, jengo la utangazaji la KBC na Jumba la Kitaifa la Sanaa vinakaribiana kiasi kwamba mwigizaji angeweza kushuka jukwaani na kwenda kurekodi kwa miguu. Baadaye mambo yakahamia Kilimani, kwenye kituo cha Citizen. Citizen ikatupa Mother-in-Law, ikatupa Tahidi High iliyokuwa shule ya kweli ya waigizaji kuliko shule nyingi zenye hati, na mwaka 2019 ikatupa Maria, ambayo iliwafanya wanaume wazima watoke kazini mapema baada ya kuapa kwamba hawatazami mambo ya wanawake. Taarifa ya saa moja ikiisha, mtaa wa Kawangware ulinyamaza. Siku iliyofuata, ndani ya matatu ya 46, kondakta na abiria walikuwa na jambo moja la kubishania, nalo halikuwa nauli.

Ubishi huo wa kesho yake ndio ulioiweka tamthilia hai. Shangazi yangu hakuwa akingojea picha, alikuwa akingojea saa, pamoja na watu wengine wanaoingojea saa hiyo hiyo. Ukiiondoa saa umemwachia picha na upweke.

Wamarekani walilijua hili kwa hasara. Kituo cha ABC kilipozima tamthilia ya All My Children Septemba 2011 baada ya miaka 41, na One Life to Live Januari iliyofuata, kampuni ya Prospect Park ilinunua haki ya kuzirudisha mtandaoni. Zikarudi tarehe 29 Aprili 2013, kwenye Hulu na iTunes, vipindi vinne kwa wiki kila moja. Haikupita hata mwezi mmoja kabla ya kampuni kutangaza kwamba itapunguza hadi viwili, kwa sababu watazamaji walikuwa wakivirundika na kuvitazama kwa mkupuo, kila mtu kwa wakati wake. Yaani shangazi yangu angewaambia bure! Ukazuka mgogoro na chama cha wafanyakazi, kesi na ABC juu ya wahusika ikaendelea, mwaka ukaisha bila utengenezaji, na Machi 2014 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Waaustralia nao: Neighbours, iliyoanza 1985, ilizikwa Julai 2022 kwa machozi na mbwembwe, Amazon ikaifufua Septemba 2023, na Desemba 2025 ikazikwa tena. Mara ya pili machozi yalikuwa machache. Mtu humlilia vizuri marehemu mara moja tu.

Najua kuna kijana anayesoma haya huku akitikisa kichwa. Ataniambia: mzee, Days of Our Lives je? Ilianza NBC Novemba 1965, sasa iko mtandaoni, na ingali inakwenda. Kweli kabisa, na namshukuru kwa mfano huo kwa sababu unanisaidia mimi. Tamthilia hiyo haikufufuliwa. Ilihamishwa ikiwa hai. Ijumaa moja ya Septemba 2022 ilikuwa NBC, Jumatatu ikawa kwenye huduma ya mtandaoni ya Peacock, waigizaji wale wale, kipindi kipya kila siku ya kazi kama kawaida. Hawakuuliza namba kwanza ndipo waendelee, waliendelea.

Ataniambia pia kwamba hayo mambo ya kukusanyika sebuleni yamepita. Kijana wa Kangemi anayelala chumba kimoja hana runinga wala king'amuzi, ana simu na bando la siku. Hilo nalo nakubali. Sina ugomvi na simu. Mimi mwenyewe hutazama kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way, na foleni hiyo inatosha kumaliza msimu mzima. Ugomvi wangu ni na watu wanaotaka jina, wimbo wa mwanzo na mapenzi tuliyoyaweka akiba miaka ishirini, lakini hawataki ile kazi ya kila siku iliyoyazaa. Ni kama kumwoa binti wa watu kwa mkataba wa wiki nane, kisha muone itakavyokuwa.

Tena tumeshaonja ahadi za mtandaoni hapa hapa nchini. Viusasa ilikuja mwishoni mwa 2017 na wazo zuri, kuuza vipindi vya nyumbani kwa bei ya soda au chini yake. Netflix ilitupa huduma ya bure ya simu Septemba 2021, ikaiondoa Novemba 2023. Showmax ilifanya kazi ambayo hakuna mwenye haki atakayeibeza: Crime and Justice mwaka 2021, Single Kiasi mwaka uliofuata, Nairobi ikionekana kama Nairobi, ofisi za mjini na nyumba za magharibi ya jiji, watu wakizungumza kama tunavyozungumza. Lakini mfuko wake ulikuwa Johannesburg, ukipoteza mabilioni ya randi, na mwaka 2025 MultiChoice yenyewe, mmiliki wake, ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Sasa mwigizaji anayekaa Lavington au Dagoretti anangoja mahesabu ya Paris ili ajue kama mhusika wake ataolewa. Sisemi wageni ni wabaya. Nasema tamthilia ni ahadi ya miaka, na kampuni inayopiga hesabu zake kila miezi mitatu haiwezi kutoa ahadi hiyo hata ikiwa na moyo mzuri.

Watazame wale waliofaulu kweli kwenye simu. Abel Mutua alikuwa Freddie wa Tahidi High. Njugush tulimfahamu katika The Real Househelps of Kawangware. Wote wawili wana umati mkubwa mtandaoni leo, na hakuna aliyeupata kwa kumfukua mhusika wake wa zamani. Walianza upya, kwa sauti zao, mara kwa mara, mpaka watu wakazoea kuwangojea. Sarah Hassan alitoka Tahidi High, akaenda Crime and Justice, akarudi Citizen na Zora. Hakuna aliyemtaka aendelee kuvaa sare za shule.

Rafiki yangu wa Kimathi Street alinieleza jambo jingine, na hapa ndipo chai ilipopoa. Katika mradi wao huo wa kufufua, bajeti ina fungu la matangazo, fungu la kamera, fungu la watu wa kusukuma mambo kwenye TikTok. Nikamuuliza fungu la waigizaji wa zamani, ambao vipindi vyao vitawekwa mtandaoni kama chambo. Hakuna. Walilipwa siku ile ya kurekodi, wakaondoka, basi. Sheria yetu ya Hakimiliki inatambua kwamba mwigizaji ana haki ya kulipwa kazi yake inapotangazwa tena, na PRISK, chama cha haki za waigizaji, kiliundwa kwa ajili hiyo. Lakini wengi walisaini makaratasi ambayo hata nakala hawakupewa.

Tunawajua watu hawa. Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, alituchekesha kwa takriban miaka 30, na macho yalipofifia ilibidi Wakenya wachangishane ili atibiwe, kabla hajafariki Julai 2015. Mwigizaji mmoja wa Tahidi High alijitokeza hadharani mwaka 2021, baada ya kazi kukauka, kuomba msaada wa chakula na kodi ya nyumba. Tukatoa, kwa sababu Wakenya hutoa. Wakati huo huo sura za watu hao zilikuwa zikizunguka kwenye simu zetu kila usiku, matangazo ya biashara yakipita katikati, na mtu fulani akipokea pesa za matangazo hayo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tamthilia zetu za zamani zina maisha mtandaoni, ningependa kusema ngoja tuone, mambo ni mengi. Lakini sioni mengi ya kungojea. Kama maktaba, zina maisha marefu: ziwekwe zote, zipangwe vizuri, mtoto wa Uthiru amwone Mzee Ojwang na ajue bibi yake alikuwa akicheka nini. Kama kitu cha kufufua kwa vipindi vinane, ziachwe zipumzike.

Na nyinyi wenye vituo, wa Kilimani na wa Harry Thuku Road, na nyinyi wenye pesa mnaomwita rafiki yangu vikaoni: andikeni hadithi mpya. Ipeni siku na saa, iwe kwenye runinga au kwenye simu, na msiiguse saa hiyo kwa mwaka mzima hata namba zikisuasua. Lakini kabla ya hayo, toeni kabatini ile mikataba ya zamani, tafuteni majina yaliyo chini yake, na muwapigie simu walio hai. Wengi wao bado wako hapa hapa Nairobi, na namba zao mnazo.