Nani Yumo Ukutani

Kitanda changu cha utotoni kiliegemezwa kwenye ukuta uliobanduka chokaa, sawasawa na kimo cha mto wangu. Pale palipobanduka palionekana jiwe lenye vitundu, vidogo kuliko punje ya mtama, na ndani ya kila kitundu mlikuwa na vikuta vyembamba vilivyokutana katikati kama nyota. Nilizoea kulala kidole changu kikiwa hapo. Nyumba ilikuwa Mafia, imejengwa kwa matumbawe na kupakwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za mwambao. Hakuna aliyeniambia nyota zile ni nini, na mimi sikuuliza. Jiwe ni jiwe.

Shuleni mwalimu alituandikia ubaoni sifa saba za viumbe hai: kujongea, kupumua, kujilisha, kukua, kuzaliana, kutoa takamwili na kuhisi. Tukaziimba kama kasida mpaka zikatuingia. Siku moja mwenzetu, mtoto wa mchoma chokaa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na moto je?" Moto unakula kuni, unakua, unahama kutoka paa hadi paa, unazaa moto mwingine, unatoa majivu, na ukinyimwa hewa unakufa. Yule mtoto alikuwa ameutazama moto usiku kucha kando ya baba yake, tena kwa makini kuliko sisi tulivyoitazama mbuzi ya kukunia nazi. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema moto hauna mwili, tuendelee.

Kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyolipenda jibu lile. Leo ningeongeza kwamba kila kiumbe hai tunachokijua kimejengwa kwa seli, na kila seli imezaliwa na seli iliyotangulia, bila mnyororo kukatika, tangu enzi ambazo hapakuwa na jicho la kuona. Moto hauna ukoo. Unaweza kuuanzisha sasa hivi kwa kiberiti. Lakini kitu kimoja hakikumjia mwalimu, wala mtoto wa mchoma chokaa, wala mimi niliyelala nacho kila usiku: hakuna aliyeuliza habari za kile kilichowekwa juu ya ule moto.

Maana tumbawe, ukilipeleka mbele ya sifa saba, halifeli hata moja. Lile jiwe ni nyumba tu. Wenyewe ni wanyama wadogo waitwao polipu, maelfu kwa maelfu, kila mmoja ndani ya kitundu chake chenye nyota. Wengi wao mchana hujikunja. Usiku huchomoza minyiri na kunasa vijidudu vinavyopita na maji. Mdomo ni mmoja, chakula kinaingilia hapo na taka inatokea hapo. Ukiugusa mnyiri, polipu hurudi ndani upesi, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa hajavaa. Ndani ya mwili wake anafuga mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji sehemu kubwa. Huzaliana kwa kujigawa, na pia kwa mayai, na mtoto anayetoka kwenye yai huogelea kabla ya kutafuta mahali pa kujibandika maisha yake yote. Ndugu yake ni konyeza, yule anayewawasha wavuvi. Tumbawe la mviringo, aina ambayo mafundi wa zamani waliipenda kwa kuwa likitoka majini ni laini na linachongeka, hunenepa kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Kipande chenye unene sawa na upana wa kiganja kilichukua karibu miaka ambayo binadamu huichukua tangu kuzaliwa hadi kuitiwa kungwi.

Kiswahili, kwa upande wake, hakisubiri sifa saba. Kinaamua mapema, kwenye kiambishi cha kitenzi. Nge anauma. Kifaru anakuja, ingawa jina lake limeanza kwa ki- kama kiti. Mbuyu, hata uwe na umri wa kuwazika watu wa vizazi kumi, ni *u-*, sawa na mkeka na msumari. Samaki akishakaangwa, amelala kwenye sinia la muuzaji na ndimu pembeni, bado tunauliza: samaki huyu bei gani? Amekufa majini, akapikwa mafutani, na sarufi haijamvua heshima yake. Mpaka ageuke minofu ndipo anaposhuka kuwa *hii* na *hiyo*. Mti haukupewa heshima hiyo hata siku moja ya uhai wake.

Sishangai. Waliotuachia lugha walitazama nani anatembea na nani ukimkimbiza hukimbia. Tumbawe halikimbii, likapewa *li-*. Vitenzi ndivyo vyenye ukarimu kuliko viambishi: mti huzaa, mbegu hulala, na wavuvi niliokua nao, wakiukuta mwamba umekuwa mweupe na umeota ukungu, hawasemi umeharibika. Husema umekufa. (Ni kweli pia kwamba soko hufa na betri hufa, kwa hiyo nisijenge ghorofa juu ya neno moja.)

Ulaya nako walisumbuka. Mwanzoni mwa karne ya 18 matumbawe yalihesabiwa kuwa mimea, na ile minyiri ikaitwa maua. Daktari mmoja wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, aliyaweka kwenye maji ya bahari, akayatazama, akasema haya si maua, ni wanyama. Réaumur, bingwa mkubwa wa elimu ya viumbe wa Paris, alipoyafikisha maoni hayo mbele ya wenzake hakumtaja mwenyewe kwa jina, asije akamwaibisha. Mwaka 1735 Carl Linnaeus wa Uswidi alichapa kitabu chake cha kupanga maumbile yote katika falme tatu: mawe, mimea na wanyama. Humo nyangumi alikuwa samaki. Kufikia toleo la 1758 nyangumi alikuwa amehamishiwa kwa wanyonyeshao, na matumbawe yako miongoni mwa wanyama, chini ya minyoo, katika kundi ambalo jina lake la Kilatini maana yake ni mimea-mawe. Jiwe na mmea ndani ya ufalme wa wanyama! Nalipenda kosa lile. Ni kosa la mtu ambaye mkono wake umekwisha kulihamisha jambo na ulimi wake bado haujafika.

Kabati limepangwa upya mara nyingi tangu hapo. Robert Whittaker aliupa uyoga na jamaa zake ufalme wao mwaka 1969, na siku hizi tunajua uyoga una udugu wa karibu zaidi na sisi wanyama kuliko na mchicha unaouzwa nao meza moja. Carl Woese, kuanzia 1977, alisoma chembe za urithi za viumbe visivyoonekana kwa macho, akakuta tawi zima la uhai ambalo watu walikuwa wakilichanganya na bakteria.

Lakini kuna ukurasa mwingine wa toleo lile la 1758 ambao siwezi kuupita haraka. Linnaeus aliwapanga humo na wanadamu, makundi manne kwa mabara, na kila kundi akalibandika rangi na tabia. Mwafrika alipewa uvivu na kuendeshwa na matakwa ya moyo wake. Mzungu akapewa sheria. Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika. Kalamu iliyolipandisha tumbawe kutoka mmea hadi mnyama ndiyo iliyomteremsha bibi yangu, aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri kusuka makuti. Nikimsoma Linnaeus najiuliza alikuwa amekaa umbali gani na alichokiandika. Konokono alimshika mkononi. Mtu wa huku alimsikia tu kwa wasafiri, na wasafiri wa zama zile wengi walikuwa wafanyabiashara, wengine wa watu.

Ndiyo maana naona haya kujifanya hakimu wa wachoma chokaa. Nawakumbuka wakipanga magogo ya mikoko duara, matumbawe juu, moto chini, na asubuhi rundo jeupe lenye joto ambalo ukilimwagia maji huchemka lenyewe. Walipolilaza tumbawe juu ya kuni hawakumwona mtu wala mnyama. Waliona arusi ya binti na ada ya shule, pamoja na ada ya yule aliyeuliza kuhusu moto. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, mambo mawili yaliyokuwa yakiuumiza sana mwamba wetu yalikuwa baruti za wavuvi na uchimbaji wa matumbawe kwa chokaa. Miaka mitatu baadaye, 1998, maji ya bahari yakapata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakaufukuza ule mwani wao, yakapauka, na mengi yakafa njaa sehemu nyingi za magharibi ya Bahari ya Hindi. Joto lile halikutoka kwenye tanuu la mtu wa Mafia.

Nilikuwa mtu mzima nilipoazima miwani ya kuzamia na tochi nikaingia maji usiku, kwenye ghuba ya Chole. Nilimulika tumbawe la mviringo, kubwa kama meza ya watu wanne. Mchana ule nililiona kama kichwa cha mtu aliyenyolewa. Usiku lilikuwa na manyoya laini, yanapepea. Nikasogeza uso. Manyoya yalikuwa minyiri, na chini ya kila kishada cha minyiri palikuwa na nyota yangu. Nilisahau kupumua, ambayo ni sifa ya pili ubaoni.

Mwaka jana tulikarabati ile nyumba. Fundi alikuja na saruji, akapiga plasta chumba chote kwa siku mbili. Nilimwomba abakize mahali pamoja, upana wa kiganja, kimo cha mto. Akapatazama, akapapasa kwa kidole gumba, akaniambia hapo unyevu utaingia. Nikamwambia aache tu. Akaacha, ila bei hakupunguza.