Hapa Habachimbake

Ukutani mwa kanisa la parokia yangu hapa Kolwezi kuna ufa. Unaanzia chini ya kituo cha nne cha Njia ya Msalaba, pale Yesu anapokutana na mama yake, unapanda hadi karibu na paa. Baruti za mgodi zikilipuka, vumbi jembamba hutoka humo likatua kwenye benchi. Mama yangu hulipangusa kwa pindo la kitenge, akakaa, akatoa rozari. Hilo ndilo benchi lake. Ndipo aliponishika goti nisicheze wakati wa Misa, na ndipo alipokaa siku tuliyomzika baba.

Sijui nitamfanyia nini siku mgodi ukifika hapa na benchi hilo likiondolewa. Mwaka 2014, mtaani Kasulo, hapahapa Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, na haukupita muda wakawa wanachimba hata ndani ya vyumba vya kulala. Siwalaumu. Mwenye njaa akiambiwa amelalia mali, atapataje usingizi? Mwaka 2017 mamia ya familia zilihamishwa, sehemu ile ikazungushiwa ukuta. Nyumba zilihesabiwa zikalipwa. Ujirani haukuhesabiwa.

Kabla ya kobalti kulikuwa na shaba, nayo kuipenda hatukuanza jana. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale kwenye bonde la mto wetu Lualaba, wanaakiolojia walifukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, wakawakuta baadhi ya wafu wamelala na misalaba midogo ya shaba. Misionari walikuwa bado hawajafika! Misalaba ile ilitumika kama pesa, na bado kuna aliyeichukua akamwachia marehemu wake, akafukia. Shaba iliyotolewa ardhini kwa jasho ilirudishwa ardhini kwa ajili ya mtu. Kila nikilikumbuka hilo nanyamaza.

Desemba moja nilikwenda Bunkeya, katika teritori ya Lubudi. Leo ni kijiji: mihogo imeanikwa juani, mbuzi njiani, watoto wakikufuata kwa salamu. Zamani palikuwa makao makuu ya Msiri, mtu aliyetokea upande wa Unyamwezi akaijenga dola ya Wayeke juu ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Februari 1886 alifika hapo Mskoti Frederick Stanley Arnot, kijana wa miaka 27, akaanzisha misheni. Jina la nchi ya Msiri, Garenganze, bado ni jina la makanisa yaliyochipuka humo. Tarehe 20 Desemba 1891 kapteni Mbelgiji Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akamwua, naye Bodson akapigwa risasi palepale, akafa. Mji ukatawanyika.

Misafara ya biashara haikurudi tena. Wayeke hurudi, kumkumbuka mfalme wao tarehe ileile. Mahali palipokwisha kuwa na faida pameendelea kuwa na watu, na mimi niliyezaliwa Kolwezi nilishangaa kama mtoto.

Nyuma ya kanisa dogo nilimkuta mama mmoja mzee akipalilia makaburi. Nikamsalimia, kisha nikamwuliza, kwa tabia yetu ya mjini, kama chini pale hamna shaba.

“Labda iko,” alinijibu, jembe halijasimama. “Lakini hapa habachimbake, mwana.”

Halafu akaniomba nisogee kidogo. Nilikuwa nimesimama juu ya miguu ya mama mkwe wake.