Hati ya Aibu na Haki ya Kusikilizwa Tena

Swali la iwapo hukumu juu ya mwenendo wa mtu, ikishaandikwa na kupigwa muhuri, inaweza kufunguliwa upya ni swali la sheria kwa sura yake, lakini kwa kiini chake ni swali la dini na falsafa, kwa kuwa linagusa mamlaka ya mwanadamu ya kumtamkia mwenzake neno la mwisho. Swali hili hujitokeza wazi zaidi pale mtu aliyekuwa baharia wa jeshi, akaachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, anaporudi baada ya miaka mingi kuomba hati yake ya kuachishwa ibadilishwe iwe ya daraja bora. Makala haya yanatetea rai moja: kwamba ombi la namna hiyo si ombi la kufuta yaliyotendeka, bali ni dai la kwamba hukumu iishie kwenye kosa na isiyameze maisha yote ya aliyekosa, na kwa sababu hiyo, kumsikiliza mwombaji ni wajibu wa haki, hata pale ambapo kumkubalia ni jambo la rehema.

Hati ya kuachishwa ni karatasi anayopewa mwanajeshi anapovua sare, ikieleza muda aliotumikia, sababu ya kuondoka kwake na jinsi wakubwa wake walivyouona mwenendo wake. Nchini Marekani, ambako utaratibu huu umepangwa kwa kina, kuna madaraja matano, kuanzia kuachishwa kwa heshima hadi kufukuzwa kwa aibu kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, na kila daraja hufungua au hufunga milango ya matibabu, masomo na marupurupu ya mstaafu. Nchi hiyo iliweka bodi za kupitia upya hati hizo kwa sheria ya mwaka 1944, wakati vita vikuu vilikuwa bado havijaisha, na miaka miwili baadaye ikaruhusu bodi nyingine za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Nchini Kenya, ambako Jeshi la Wanamaji lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964 na kuweka makao yake Mtongwe, Mombasa, mahakama za kijeshi zimewekwa na Ibara ya 169 ya Katiba ya mwaka 2010 miongoni mwa mahakama za chini, na aliyehukumiwa huko hukata rufaa katika Mahakama Kuu. Naye anayeomba msamaha hutazama Ibara ya 133, inayompa Rais uwezo wa kurehemu kwa ushauri wa kamati maalumu.

Huenda ikaonekana ajabu kulijadili suala la mabaharia kutoka Silanga, kijiji cha Kibera kilicho kando ya Bwawa la Nairobi, mbali na bahari. Lakini ni mitaa michache ya Afrika Mashariki inayojua uzito wa karatasi ya jeshi kuliko Kibera. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wenye asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles, yaani jeshi la Waingereza katika makoloni ya eneo hili, waliruhusiwa kukaa katika ardhi hiyo. Mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, na jeshi likaendelea kuisimamia hadi mwaka 1928. Askari aliyekuwa ametimiza utumishi wa miaka 12 alipewa kibali cha kujenga na kulima, lakini kibali hicho hakikuwa hati ya kumiliki, hivi kwamba wazao wa askari hao, ambao ndio Wanubi wa leo, waliishi kwa vizazi kadhaa wakihesabiwa kuwa wapangaji kwa hisani ya serikali, mpaka mwaka 2017 walipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ardhi ya awali. Historia hiyo ina funzo linalohusu moja kwa moja suala lililopo: dola iliyochukua karibu karne nzima kuiheshimu karatasi ya utumishi mwema haina msingi wa kudai kwamba karatasi ya utumishi mbaya haiguswi.

Kwa mkazi wa Silanga aliyewahi kuvaa sare, uzito wa hati hiyo hupimika kwa mkono. Huwekwa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko chini ya godoro, mbali na bati linalovuja, pamoja na kitambulisho na vyeti vya shule vya watoto, kwa sababu mvua za masika katika nyumba za mabati haziheshimu karatasi. Inapofika siku ya kutafuta kazi ya ulinzi, ambayo ndiyo kazi inayomwelekea zaidi aliyefunzwa silaha na lindo, bahasha hutolewa na anayeajiri husoma mstari mmoja tu, ule unaotaja sababu ya kuachishwa. Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, alichokilipia na kuchukuliwa alama za vidole, huthibitisha kwamba tangu hapo hakuhukumiwa kwa kosa lolote la jinai. Hata hivyo mara nyingi hakiwezi kuushinda mstari huo. Ni kana kwamba miaka ishirini ya kulea watoto, kulipa kodi na kuzika majirani haina mwandishi, ilhali siku moja ya kosa ina mwandishi, muhuri na kumbukumbu.

Ili kulitendea haki ombi la baharia wa namna hiyo, ni lazima kutenganisha mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni dai la haki, yaani kwamba hukumu yenyewe ilikuwa na kasoro. La pili ni ombi la rehema, yaani kwamba hukumu ilikuwa sahihi lakini adhabu sasa imetosha. La tatu ni ombi la ushuhuda kamili, yaani kwamba yaliyoandikwa, hata kama ni ya kweli, ni nusu tu ya ukweli.

Dai la kwanza lina mifano mizito. Tarehe 17 Julai 1944 shehena ya risasi na mabomu ililipuka katika bandari ya Port Chicago, California, ikaua watu 320, wengi wao mabaharia weusi waliopewa kazi ya kupakia silaha bila mafunzo ya kutosha. Walionusurika walipoamriwa kurudi kwenye kazi ileile, 258 walikataa. 50 wakahukumiwa kwa uasi na waliobaki kwa makosa madogo zaidi. Ilichukua miaka 80 kamili, hadi tarehe 17 Julai 2024, Jeshi la Wanamaji la Marekani kutangaza kwamba mabaharia 256 waliokuwa bado hawajasafishwa wamesafishwa. Kenya nayo ina kisa chake. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Wanahewa lilivunjwa lote, na wengi waliokuwa ndani yake wakapoteza kazi na jina kwa pamoja. Kamanda wa jeshi hilo, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne na mahakama ya kijeshi kwa kosa la kushindwa kuzuia uasi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikamwongezea fidia kutoka shilingi milioni 7 hadi milioni 15 kwa jinsi haki zake zilivyokiukwa. Visa hivi vinaonyesha kwamba hati ya jeshi huandikwa na wanadamu, tena mara nyingi katika saa ya hofu na hasira, na kwamba kuifunga milele ni kuipa hadhi ya neno la Mungu asiyekosea.

Ombi la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa mwombaji hapa hakani kosa. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi huko Mombasa iliwahukumu zaidi ya wanamaji ishirini wa zamani kifungo cha maisha kwa utoro, yaani kuacha jeshi bila ruhusa kwa nia ya kutorudi, kwa sababu mnamo 2007 na 2008 waliondoka kwenda kufanya kazi za ulinzi zenye mshahara mnono ng'ambo. Wao walisema waliandika barua za kujiuzulu. Mahakama Kuu iliposikiliza rufaa ilikiondoa kifungo hicho cha maisha. Hata mtu anayeamini kwamba walikosa atakiri kwamba kati ya kumwadhibu aliyefuata riziki na kumzika angali hai kuna umbali mkubwa, na kwamba kazi ya kuupima umbali huo haiwezi kufanywa na anayekataa kusikiliza.

Dini zinazokutana katika vichochoro vya Kibera, Uislamu na Ukristo, zina visa viwili vinavyofanana na suala hili kwa karibu mno. Katika mwaka wa 9 wa Hijra, Mtume Muhammad alipoongoza safari ya kijeshi ya Tabuk, Kaab bin Malik na wenzake wawili walibaki Madina bila udhuru. Kaab hakutunga kisingizio, alisema kweli. Akasusiwa kwa siku 50, watu wasimsemeshe, kisha ikashuka aya ya Sura ya Tisa kutangaza kwamba toba yao imekubaliwa. Mambo matatu ya kisa hicho yanastahili kuzingatiwa: kosa halikufichwa, adhabu ilikuwa na mwisho, na tangazo la kurudishwa lilikuwa la hadharani kama ilivyokuwa aibu yenyewe. Kwa upande wa Ukristo, kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba Yohana Marko aliwaacha wenzake safarini Pamfilia, na kwamba baadaye Paulo alikataa katakata kumchukua tena, hata akatengana na Barnaba kwa ajili hiyo. Lakini katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Paulo anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anafaa katika huduma. Paulo hasemi popote kwamba tendo la Pamfilia lilikuwa jema. Anachofanya ni kuongeza ushuhuda mpya juu ya ule wa zamani, na Maandiko yameuhifadhi wote.

Kanisa la Afrika ya Kaskazini nalo lilikabiliwa na jambo hili kwa sura ya karatasi hasa. Wakati wa mateso ya Kaisari Decius mwaka 250, Wakristo wengi walijipatia vyeti vya kuthibitisha kwamba wameitolea sadaka miungu ya dola, na mateso yalipopungua wakaomba kurudi. Wapo waliotaka wote wafungiwe mlango, na wapo waliotaka wote wapokewe bila kuulizwa. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 251, chini ya Askofu Cyprian, ulikataa njia zote mbili na kuamua kwamba hali ya kila mmoja ichunguzwe peke yake. Hekima ya uamuzi huo iko katika kutambua kwamba msamaha wa jumla na laana ya jumla zina kasoro moja, nayo ni kutomtazama mtu usoni.

Ombi la tatu, la ushuhuda kamili, linaangaziwa na falsafa ya Kiafrika. Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa kutoka Nigeria, alieleza kwamba utu si kitu ambacho mtu huzaliwa nacho kikiwa kimekamilika, bali hufikiwa hatua kwa hatua kwa kutimiza wajibu wake kati ya watu. Rai hiyo ikikubaliwa, basi kumbukumbu inayokoma siku ya kosa inaeleza vibaya mtu ni nini, kwa kuwa inakifanya kilicho safarini kionekane kimefika. Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu adhabu na ugaidi barani Afrika, akitoa hoja kwamba uhalifu huzalishwa na nguvu zilizomzunguka mhalifu, na kwamba kumwadhibu yeye peke yake huziacha nguvu hizo salama. Si lazima kukubaliana naye kwa yote ili kuona ukweli wake hapa: mwaka 2014 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliziagiza bodi zake ziwafikirie kwa ukarimu waombaji wenye kiwewe cha vita, kwa sababu ilikubalika kwamba baadhi ya ulevi, utoro na ukaidi ulioandikwa kama tabia mbaya ulikuwa dalili ya jeraha lililopatikana kazini.

Pingamizi kubwa ni la nidhamu. Inasemwa kwamba jeshi haliwezi kusimama ikiwa asiyetii na aliyetii watapata karatasi moja, na kwamba aliyevumilia lindo la usiku kwa miaka yote atadhulumika. Pingamizi hili ni la haki, na dini zenyewe haziupuuzi uzito wake, kwani Kaab alisusiwa kweli na Marko aliachwa kweli. Lakini linapinga jambo ambalo halikuombwa. Anayeomba daraja la hati yake lipandishwe haombi kulinganishwa na aliyedumu. Anaomba apimwe kwa mizani yenye alama nyingi kuliko mbili. Uingereza iliposamehe kwa sheria ya mwaka 2006 askari 306 waliopigwa risasi katika Vita Kuu ya Kwanza kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo, sheria yenyewe ilitamka kwamba hatia na hukumu hazibadilishwi. Kilichobadilika ni kauli ya taifa juu yao. Na ikiwa Marekani imeweza kuwa na bodi za mapitio tangu 1944 bila majeshi yake kusambaratika, hofu ya kwamba kusikiliza kutaua utii haina ushahidi.

Kinachobaki ni wajibu. Kenya yafaa iweke bodi ya kudumu ya kupitia hati za kuachishwa jeshini, yenye wanajeshi wastaafu, wanasheria na raia wa kawaida, isiyomdai mwombaji ada ya wakili, na yenye kulazimika kuandika sababu za uamuzi wake, uwe wa kukubali au wa kukataa. Misikiti na makanisa, ambayo kila wiki huhubiri toba, yana deni la kuwasindikiza waombaji hao kwa barua za ushuhuda wa maisha yao ya sasa, kwa kuwa wao ndio wanaoyajua. Waajiri nao wasome mistari iliyobaki. Hukumu inayokataa kusikilizwa tena haiwi ya haki zaidi kwa kukataa huko; inajiweka tu mahali ambapo hakuna mwanadamu aliyepewa kukaa.