Nani Achague Kitakachosimama Uwanjani?

Tukipita mbele ya sanamu iliyosimama uwanjani, kwa kawaida tunauliza mambo mawili: imechongwa na nani, na inamwonyesha nani. Ni nadra kuuliza swali la tatu, ambalo kwangu mimi ni zito kuliko hayo mawili. Nani aliyeamua isimame hapo? Sanamu haijipeleki yenyewe bustanini. Yupo mtu aliyekaa mezani, akatazama kazi nyingi, akasema hii ndiyo na ile siyo; akachagua mahali, akatafuta fedha, akaandika maneno ya kibao. Katika majumba ya sanaa mtu huyo huitwa msimamizi wa maonyesho. Jina lake aghalabu halionekani, lakini ndiye anayetuchagulia sisi wapita njia kile tutakachokitazama kila siku, tupende tusipende.

Swali hili lina uzito wa pekee katika nchi kama Marekani, Kanada na Australia. Huko viwanja na bustani za miji zimo katika ardhi ya watu waliokuwapo kabla walowezi hawajafika. Kwa muda mrefu wenyeji hao wa asili walichongwa katika sanamu za watu wengine, lakini hawakukaribishwa kwenye meza ya kuchagua. Sasa kuna wito kwamba nafasi za usimamizi wa sanaa ya hadhara zifunguliwe kwao. Baadhi ya watu husema hiyo ni haki. Wengine husema huo ni upendeleo wa damu, na kwamba sanaa haina kabila. Mimi ninaona pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana nataka tulipime jambo hili polepole.

Tuanze na kisa cha mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Mwaka 1862 kulizuka vita baina ya Wadakota, wenyeji wa nchi hiyo, na Wamarekani. Vita vilipokwisha, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 303, baadhi yao kwa kesi za dakika chache tu na bila wakili. Rais Abraham Lincoln aliipunguza orodha, na tarehe 26 Desemba 1862, katika mji wa Mankato, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja juu ya jukwaa moja. Hakuna siku nyingine katika historia ya Marekani ambapo watu wengi kiasi hicho walinyongwa kwa mara moja. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa ya kuwafukuza Wadakota kutoka Minnesota.

Miaka 150 baadaye, mwaka 2012, msanii mmoja Mzungu wa Marekani, Sam Durant, aliunda jukwaa kubwa la mbao na chuma na kuliita Scaffold. Aliunganisha maumbo ya majukwaa saba ya kunyongea yaliyotumika katika historia inayoihusu Marekani, na la Mankato likiwamo. Nia yake ilikuwa kuishutumu adhabu ya kifo. Kazi hiyo ilionyeshwa Ujerumani mwaka huohuo. Kisha jumba la sanaa la Walker Art Center likainunua, na mwaka 2017 ikasimamishwa katika bustani ya sanamu ya Minneapolis, katika nchi ileile ya Wadakota, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Mankato. Watu wangeweza kupanda ngazi zake na kusimama juu.

Wadakota walipoiona walisimama kwenye uzio wa bustani, wakapinga. Hawakuwa wameulizwa. Kwao lile halikuwa wazo kuhusu adhabu ya kifo. Lilikuwa jukwaa walilonyongewa babu zao, limejengwa upya ili familia zije kutembea Jumapili. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Jumba liliomba radhi, na msanii naye akaomba radhi. Wote wakakaa pamoja na wazee wa Kidakota, wakakubaliana kwamba jukwaa libomolewe na mbao zikabidhiwe kwa Wadakota. Mwanzoni ilisemwa zitachomwa moto. Wazee wakaamua zifukiwe.

Mtu anaweza kuuliza: je, tuseme basi kila kinachouma kisionyeshwe? Sanaa ikiogopa kidonda cha kila mtu, itabaki kuchora maua. Hoja hii si ya kupuuzwa, na mimi mwenyewe nisingependa kuishi katika mji ambao sanamu zake zote zinatabasamu. Lakini tazama jambo moja. Wadakota hawakuwa wakiomba mauaji ya Mankato yasahauliwe. Tangu mwaka 2005 na kwa miaka mingi baada ya hapo, wapanda farasi walisafiri zaidi ya kilomita 500 katika baridi ya Desemba, wakapanga wafike Mankato tarehe 26 ili kuwakumbuka waliokufa. Basi kumbukumbu ilikuwapo, tena yenye gharama kubwa kwa wanaoibeba. Walichokataa ni kumbukumbu hiyo kuchukuliwa na kupangwa na watu wasiobeba uzito wake. Kosa lilikuwa la utaratibu kabla halijawa la sanaa: katika miaka yote ya kununua, kusafirisha na kuunganisha mbao zile, wenye msiba hawakuwa na kiti mahali pa kuamua.

Msomaji wa pwani ya Kenya hana haja ya kusafiri hadi Minnesota ili kulielewa hili. Wamijikenda huwasimamishia wafu wao wa chama cha Gohu vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kwa heshima. Kigango kikishasimamishwa hakipaswi kuhamishwa. Lakini kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na vingine vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani, vikisifiwa kama sanaa nzuri ya Afrika. Mwaka 2007 familia moja ilirudishiwa viwili vilivyoibwa mwaka 1985. Mwaka 2019 vilirejea Kenya 30 vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Denver.

Mimi hujiuliza: katika majumba hayo yote, siku vigango vilipoletwa mlangoni, ingekuwaje kama kwenye meza ya kupokea angekuwapo Mgiriama mmoja tu mwenye mamlaka ya kukataa? Asingehitaji kuandika kitabu. Angesema: "Hiki si pambo, hiki ni mzee wa watu. Kirudishwe." Sentensi moja ingeokoa miaka 20 au 30 ya kutafuta, kuandikiana barua na kulia. Tofauti baina ya kuulizwa kabla na kuombwa radhi baadaye si ndogo. Anayeombwa radhi amekwisha kuumia.

Sasa tuje kwenye hoja ngumu zaidi. Je, damu peke yake humfanya mtu ajue kuchagua? Sidhani. Mtoto wa mvuvi hazaliwi akijua kusoma upepo, hufundishwa. Kusimamia maonyesho ni kazi yenye elimu yake: kuijua historia ya sanaa, kuelewana na wasanii, kupanga bajeti, kujua mti gani utaoza mvuani na chuma gani kitapata kutu. Anayempa mtu kazi hiyo kwa sababu ya kabila lake tu hamheshimu. Anamtumia kama pazia. Tena hakuna mtu mmoja awezaye kuwa mdomo wa watu wake wote. Wadakota wenyewe hawana rai moja, kama sisi tusivyokuwa na rai moja.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo mtu wa mahali hapo huja nayo, na ambayo chuo hakiwezi kumpa mgeni kwa urahisi. La kwanza ni ujuzi wa kidonda: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kuwajibika. Msimamizi aliyetoka mbali akichagua vibaya, huandika barua ya masikitiko kisha akahamia mji mwingine. Anayetoka katika jamii ile hurudi nyumbani. Atakutana na shangazi yake sokoni, atakaa na wazee msibani, na watamuuliza: "Mwanetu, ulikuwapo pale, ukanyamaza?" Sitetei haki ya damu. Ninatetea haki ya yule atakayeishi na matokeo ya uamuzi. Tunaikubali kanuni hii katika mambo mengine. Sioni kwa nini tuikatae katika sanaa, ambayo hukaa uwanjani miaka mingi kuliko wengi wetu tutakavyoishi.

Tena ipo mifano ya jambo hili likifanywa mapema. Katika mji wa Edmonton, Kanada, mwaka 2018 ilifunguliwa bustani ya sanaa iitwayo ÎNÎW, yenye kazi sita za wasanii wenyeji wa asili. Wawakilishi wa mataifa ya wenyeji walikuwa washirika wa mpango huo pamoja na mji, na msimamizi wake alikuwa Candice Hopkins, mwenyeji wa asili kutoka Yukon, mwenye jina kubwa katika fani hiyo. Na huko Minneapolis, baada ya yale ya 2017, iliundwa kamati ya wenyeji wa asili ya kuchagua kazi mpya kwa ajili ya bustani ileile. Ilimchagua msanii wa Kidakota, Angela Two Stars. Kazi yake, Okciyapi, maana yake kusaidiana, ilizinduliwa mwaka 2021. Ni mahali pa kukaa na kutembea, penye maji katikati na maneno ya Kidakota, ambapo mgeni anaweza kuisikia lugha hiyo ikisemwa. Jukwaa la kwanza lilimkumbusha Mdakota namna babu yake alivyokufa. Kazi hii humfanya mpita njia asikie namna watu hao wanavyozungumza hadi leo.

Hata hivyo nina wasiwasi wangu. Kamati iliyoundwa baada ya msiba huvunjwa kazi ikiisha, na mamlaka hurudi yalikotoka. Kuna hatari pia kwamba mwenyeji wa asili ataitwa tu panapohusika majonzi ya watu wake, kama anayeitwa kuosha maiti, ilhali harusini haalikwi. Kama nafasi ni ya kweli, basi mtu huyo aweze pia kuchagua sanamu ya Mjapani, picha ya Mbrazili, au mchezo wa taa usio na kabila. Hopkins, kwa mfano, alikuwa msimamizi mkuu wa maonyesho ya kwanza ya Toronto Biennial of Art mwaka 2019, yaliyowahusu wasanii wa mataifa mbalimbali. Huko ndiko kuaminiwa hasa. Na aruhusiwe kukosea kama wenzake wanavyokosea, bila kosa lake moja kuwa ushahidi dhidi ya kabila zima.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wenyeji wa asili wapewe nafasi ya kuchagua, si kwa kufidiwa wala kwa kuhurumiwa. Waingie mwanzo wa kazi, kabla mbao hazijanunuliwa. Wawe na fedha mikononi. Na wawe na uwezo wa kusema hapana, hapana hiyo ikasikilizwa. Kushauriwa bila uwezo huo ni kuitwa kushuhudia mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Nawe msomaji, siku utakapopita tena mbele ya sanamu katika mji wako, soma jina la mchongaji, soma jina la aliyechongwa, kisha uliza ni nani aliyekaa kwenye ile meza. Ukiambiwa hajulikani, endelea kuuliza.