Mgonjwa Haulizwi Uji?

Wahenga wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake i wazi: aliyelala hoi hana haja ya kuulizwa kama anataka kile ambacho kila mtu anajua kitamfaa. Mpikie, mpozee, mnyweshe. Methali hii ina huruma ndani yake, na ndiyo maana imeishi muda mrefu. Lakini imesimama juu ya nguzo moja ambayo aghalabu hatuitazami, nayo ni kwamba uji unajulikana. Je, kama kilichomo kikombeni si uji, bali ni kitu ambacho hata mpishi hajui kama kitaponya au kitaua? Na kama mgonjwa ni mtoto anayehangaika kutafuta pumzi, na mama yake pembeni anatetemeka, aulizwe nani, na aulizwe lini?

Nimelichagua jambo la pumzi kwa makusudi. Njaa humpa mtu wiki, kiu humpa siku, bali kukosa pumzi humpa dakika. Maradhi mengine huruhusu kikao cha ukoo, huruhusu kwenda na kurudi, huruhusu hata ubishi. Pumzi haina subira. Kwa hiyo maswali yote ya haki na wajibu ambayo kwingine tungeyajadili kwa utulivu, hapa hutubana kooni.

Mapafu yameundwa kwa vifuko vya hewa vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, vyenye kuta nyembamba ili oksijeni ipenye na kuingia damuni. Nimonia kali, malaria kali, maambukizi yaliyosambaa katika damu, moshi mwingi, vyote hivyo huweza kuzijeruhi kuta hizo. Hapo ndipo askari wa mwili, waliotumwa kupambana na adui, huanza kuibomoa nyumba waliyopewa kuilinda. Uvimbe wa ndani huzuka, kuta huvuja, vifuko hujaa majimaji, na mgonjwa huzama akiwa kitandani, nchi kavu. Mfa maji haachi kutapatapa, na daktari anayemtazama naye hutapatapa.

Madaktari wa Marekani, Ashbaugh na wenzake, waliieleza hali hii mwaka 1967 kwa kuwachambua wagonjwa 12. Tangu hapo dawa nyingi zimejaribiwa ili kuyakinga mapafu, na chache mno zimefaulu. Mojawapo ya faida kubwa kabisa haikutokana hata na dawa. Mwaka 2000 ilionekana kwamba mashine ya kupumulia ikisukuma hewa kidogo, mililita 6 badala ya 12 kwa kila kilo ya uzito uliokadiriwa, vifo vilishuka kutoka takriban 40 hadi 31 katika kila wagonjwa 100. Kwa miaka mingi pumzi kubwa ilidhaniwa kuwa ndiyo rehema, kumbe ilikuwa ikiyachana mapafu. Tulitie jambo hili akilini, maana tutalikuta tena karibu zaidi na nyumbani.

Sisi wa Tanga si wageni wa majaribio. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Robert Koch, mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, alipata kufanya kazi hapo. Ni yeye aliyekwenda katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 na 1907, akawatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Baadhi yao walipofuka. Enzi hizo ridhaa ya Mwafrika haikuwa sharti la utafiti. Mzee wa Ngamiani akinong'ona barazani, "Mwanangu, hao wanatufanya panya wa kujaribia," tusiharakishe kumcheka. Hakuiota hofu hiyo usingizini.

Sasa tuje Muheza. Kati ya mwaka 2009 na 2011, Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali sita zilizoshiriki utafiti ulioitwa FEAST, pamoja na Kilifi ya Kenya, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor za Uganda. Kiongozi wake alikuwa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: mtoto anapoletwa ana homa kali, anapumua kwa shida au amepoteza fahamu, na damu yake haizunguki sawasawa, je, apewe dripu nyingi kwa kasi? Katika nchi tajiri jibu lilikuwa ndiyo, na lilifundishwa kama sheria. Katika hospitali zetu wengi hawakuwa wakiipata, na wapo walioona kwamba huo ulikuwa unyonge mwingine wa maskini: mtoto wa kwetu ananyimwa hata maji ya chumvi.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipewa kwa kasi maji yenye albumini, la pili maji ya chumvi, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo. Kwa mtoto wa kilo 10 ni kama mililita 200 hadi 400. Fungu la tatu halikupewa maji hayo ya kasi. Wote walipewa matibabu mengine yaliyostahili, dawa za malaria, za bakteria, oksijeni na damu kwa waliohitaji, na wote waliangaliwa kwa karibu. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, na ni lazima niliseme hili kwa sauti ili pasiwepo mzazi atakayemnyima maji mtoto anayeharisha kwa sababu ya insha hii.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikizitazama takwimu iliamuru kazi isimame. Katika saa 48 za kwanza, walikufa karibu 7 katika kila 100 ambao hawakupewa maji ya kasi, na zaidi ya 10 katika kila 100 waliopewa. Rehema ilikuwa inaua. Wengi walikuwa wameogopa kwamba maji yangejaa mapafuni. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vingi vya ziada vilitokana na mzunguko wa damu kuporomoka, na mwaka 2019 takwimu zilipopitiwa upya ikaonekana kwamba maji yale yaliandamana pia na kudhoofika kwa upumuaji na kwa kazi ya ubongo. Wema uliozidi kipimo ulikuwa umegeuka mzigo.

Hapa ndipo swali linapouma. Tukifanya hesabu, watoto waliopewa maji ya kasi walikuwa takriban 2,100. Kama vifo vyao vingelingana na vya wenzao, zaidi ya 60 wangeishi. Hao si tarakimu. Ni watoto waliobebwa mgongoni usiku, ambao mama zao waliwafikisha hospitali wakidhani wamevuka. Je, walidhulumiwa?

Mwenye kusema ndiyo ana hoja nzito. Nje ya utafiti, wengi wao wasingepewa maji yale. Waliingizwa katika hatari ambayo umaskini, kwa kejeli ya dunia, ulikuwa unawaepusha nayo. Na ridhaa yenyewe ilikuwaje? Mtoto anapokata roho huwezi kumkalisha mama umsomee kurasa kumi. Kwa hiyo pale ambapo muda haukuruhusu, mzazi aliombwa kauli ya mdomo kwanza, na maelezo kamili na saini vilifuata hali ilipotulia. Lakini kauli ya mama aliyechanganyikiwa ni ridhaa ya namna gani? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na katika uchungu ule angelikubali lolote. Na yule ambaye mwanawe hakuiona asubuhi, maelezo kamili ya baadaye yana maana gani kwake?

Nimeupima upande huo, na naukubali uzito wake. Hata hivyo naona kwamba dhuluma haipimwi kwa matokeo peke yake. Inapimwa kwa kile ambacho mtendaji alikijua, na kwa kile alichokuwa tayari kukijua. Siku ile kura ilipopigwa hakuna aliyejua fungu lipi lina heri. Laiti mtu angewauliza mabingwa wa dunia, wengi wangewalilia watoto wa fungu la tatu, wale walionyimwa maji. Koch naye hakukusudia kumpofusha mtu. Tofauti ni kwamba Muheza na wenzake walifanya mambo ambayo zama za Koch hazikuyajali: waliomba, hata kama ni kwa mdomo, walilinganisha mafungu, na waliweka watu wengine, wasio wao, wenye mamlaka ya kuwaambia basi. Watafiti wakasimama, wakaitangazia dunia kwamba tegemeo lao lilikuwa kosa. Si jambo dogo kwa msomi kukiri hivyo hadharani.

Kisha lazima tujiulize upande wa pili, ambao huwa hatuutaji. Tusipojaribu kwa utaratibu, je, tunaacha kujaribu? La hasha. Tunajaribu kila siku, ila hatuandiki. Nilipokuwa mdogo, mtoto akibanwa kifua, bibi zetu walichemsha majani kwenye sufuria, wakamfunika shuka, akavuta mvuke. Wengine walipona, nasi tukasema majani yamemponya. Wengine walizikwa, nasi tukasema siku zao zilifika. Kwa mizani ya namna hiyo hakuna dawa itakayoshindwa kamwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wafanyabiashara wa pwani. Nami nathubutu kusema kwamba hata uhai hupotea hivyo hivyo.

Mwaka 2020 na 2021, ugonjwa wa korona ulipotujia, nchi nzima ilipiga nyungu. Mikaratusi, mwarobaini, mchaichai, tangawizi, kila nyumba na maelekezo yake. Siwadharau waliofanya hivyo. Mtu aliyezingirwa na moto hushika ndoo iliyo karibu. Ninachohuzunikia ni kwamba baada ya mvuke wote ule hatukubaki na elimu ya kuwarithisha watoto wetu. Nani alisaidiwa, nani aliunguzwa, nani alichelewa kufika hospitali kwa sababu alikuwa chini ya shuka? Lile nalo lilikuwa jaribio, tena kubwa kuliko la Muheza, ila halikuwa na daftari wala mtu wa kusema basi.

Wakati huohuo Uingereza walikuwa wakipiga kura. Katika utafiti ulioitwa RECOVERY, wagonjwa zaidi ya 6,000 waligawanywa, baadhi wakapewa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu miaka ya 1950, inayotuliza uvimbe wa ndani. Juni 2020 jibu likatoka: miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi, miongoni mwa waliohitaji oksijeni tu, kwa moja ya tano, kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Dawa ilikuwapo miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa utaratibu, na wagonjwa waliokubali kuwa sehemu ya swali.

Basi msimamo wangu ni huu. Kumjaribia dawa mgonjwa anayekosa pumzi kwaweza kuwa haki, lakini kwa masharti ambayo hayana mjadala. Kwanza, kutojua kuwe kwa kweli: daktari anayejua tayari lililo bora hana ruhusa ya kupiga kura. Pili, mama aambiwe ukweli kwa lugha yake na kwa pumzi moja kama hakuna muda wa mbili: "Mama, hatujui lipi bora kati ya haya, tunataka kujua, unaweza kukataa na mwanao atatibiwa vilevile." Maneno hayo hayazidi nusu dakika. Tatu, yupo mtu wa nje mwenye rungu la kusimamisha. Na nne, ambalo ndilo tunalolisahau, jibu lirudi kwa waliolilipia.

Katika hili la nne nina manung'uniko. Matokeo ya FEAST yalitangazwa mwaka 2011. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioelekeza kwamba watoto wenye dalili chache za mzunguko dhaifu wa damu, wasiofikia mshtuko kamili, wasipewe maji ya kasi, ulitoka mwaka 2016. Miaka mitano ni mingi kwa elimu iliyonunuliwa kwa bei ile. Na je, kule vijijini Muheza, wapo waliorudi kuwaambia akina mama kwamba watoto wao waliifundisha dunia? Dunia nzima imefaidi. Mtoto wa London anayewekewa dripu leo anawekewa kwa tahadhari zaidi kwa sababu ya watoto wa Muheza na Soroti. Deni hilo halijalipwa kwa kuchapisha makala katika jarida ambalo mama hatalisoma.

Methali ya wahenga siifuti. Uji ukijulikana, mgonjwa asiulizwe, anyweshwe. Lakini usipojulikana, aulizwe yeye au aliyembeba. Na akishakunywa, aandikwe. Na akifa, asisahauliwe. Na tulichojifunza kwake kiwafikie wengine kabla hakijapoa.