"Ngozi ni Yangu" Mpaka Wapi?

Ukimgusia mtu habari ya krimu anayopaka, jibu walijua kabla hajafungua mdomo: ngozi ni yangu, wewe yakuwasha nini? Na mimi nalipenda jibu hilo. Nimekulia Mji wa Kale, hapa Mombasa, ambapo uso wa msichana hujadiliwa kama bei ya samaki. Shangazi ana lake, jirani wa barazani ana lake, na "mbona jua limekuunguza hivyo?" ni salamu kamili. Kwa hivyo mtu akisema uso ni wake, kwanza mimi huwa upande wake. Ila nimeanza kujiuliza: maneno hayo huwa kweli kwa masharti gani?

Aliyenisukuma kwenye swali hili ni mtoto wa ami yangu, wiki tatu kabla ya arusi yake. Alikuwa na chupa ya sabuni ya maji ya kuoshea uso, aina ile ya "kung'arisha", aliyoinunua duka moja hapa kisiwani. "Dadangu, wewe wapenda kusomasoma vitu hivi. Hebu niangalizie. Ni salama?"

Nikaigeuza chupa. Orodha ya viambato ina kanuni yake: kilicho kingi hutangulia, kidogo hufuata, na vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote. Yalitangulia maji, kisha salfeti ya kutoa povu, ambayo huweza kukausha uso lakini si sumu. Chini yake niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ambayo hupunguza melanini inayofika kwenye seli za juu za ngozi. Halafu asidi ya kojiki, inayotokana na kuvu, na asidi ya glikoliki, inayoondoa seli zilizokufa na kuifanya ngozi iungue na jua upesi zaidi. Na jua la Mombasa halina mzaha. Mwisho manukato, ambayo baadhi ya watu huwawasha. Vyote hivyo, kwa viwango vidogo, hutumika kihalali katika nchi nyingi. Tena sabuni hukaa usoni dakika moja, ukaisuuza. Hata kiambato kizuri hakipati muda wa kufanya miujiza iliyochorwa kwenye chupa.

Basi ni salama? Hapo ndipo orodha iliponiishia, kwa sababu kinachotisha zaidi mara nyingi hakiandikwi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ndiyo maana watu huitia kwenye sabuni na krimu. Pia huharibu figo na neva. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kila kilo viishe ifikapo 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba hata hicho kidogo kiondoke, ifikapo 2025. Shirika la Afya Duniani nalo limetoa dokezo ambalo kila bibi arusi wa pwani angepaswa kulijua: bidhaa ikikuonya usiigusishe na dhahabu, fedha au alumini, ishuku. Zebaki hushikana na madini hayo. Fikiria. Onyo la bangili lipo, onyo la figo halipo.

Na zebaki haimtambui mwenye ngozi peke yake. Hutoka kwa mvuke, hubaki kwenye taulo, hufika kwa mtoto anayelala kando yako, na kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hapo sharti la kwanza limevunjika. Naweza kusema ngozi ni yangu pale tu ambapo gharama pia ni yangu.

Sharti la pili ni kujua. Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi vya watu wake, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhifadhi vipodozi vya macho. Lakini sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa huko kwa soko la Afrika, na ni mwaka 2003 ndipo Umoja wa Ulaya ulipoandika kwenye kanuni zake kwamba sabuni hizo zisiuzwe nje. Miaka 27. Waliozitengeneza walijua zilivyo, waliozipaka hawakuambiwa. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba alijitakia.

Leo KEBS inakataza zebaki na hidrokwinoni katika vipodozi. Hidrokwinoni ni dawa ambayo daktari anaweza kukuandikia kwa madoa. Ukijipaka mwenyewe miaka na miaka huweza kukuachia weusi wa kibuluu usiotoka. Sheria ipo. Lakini inapoishia kwenye karatasi, kazi ya ukaguzi anabebeshwa msichana mwenye simu na bando. "Si usome lebo!" anaambiwa. Lebo yenyewe imeandikwa na yule yule anayemficha.

Wakubwa wetu wana jibu tayari: rudini kwenye asili. Singo, liwa, maji ya mawaridi. Nazipenda, lakini asili si cheti. Ndimu pia ni ya asili, na ukijipaka usoni kisha ukatoka juani itakubabua. Kinachonivutia kwenye singo ni kwamba aliyeisaga unamjua. Ukitokwa na vipele kesho, wajua mlango wa kubisha.

Singo nayo ilikusudiwa kumfanya bibi arusi ang'ae. Kutaka kung'aa si dhambi. Lakini Kiswahili chetu kinatofautisha kung'aa na kuwa mweupe. Mtu mweusi hung'aa. Chupa hizi huandika neno la kwanza na kuchora picha ya la pili, na msichana akinunua, tunamcheka yeye ati hajikubali, wakati sisi ndio tuliomsalimu kwa habari za jua.

Chupa ya mdogo wangu haikuwa na jina la kiwanda, anwani, wala alama ya KEBS ambayo namba yake ungeituma kwa 20023. Nikamwambia hivyo.

"Kwa hivyo wanikataza?"

"Sikukatazi. Ingekuwa najua kilichomo, ningekwambia tumia, ujikinge na jua. Hii sijui, na wewe hujui."

Akanyamaza kidogo. "Lakini yule wa dukani ajua?"

Twende tukamuulize, nikasema. Tulienda. Alitutazama kama watu waliopotea njia, akasema wateja wote waitumia na hakuna aliyelalamika. Hakujua ilikotoka, yeye huletewa makatoni tu. Mdogo wangu akaacha chupa juu ya kaunta, pesa hakurudishiwa.

Naendelea kusema ngozi ni yake. Ila sasa nasema pia kwamba yule muuzaji ana deni kwake, na aliyemletea makatoni ana deni, na sisi wa barazani tuna letu. Wenye madeni hayo tukinyamaza, "ngozi ni yangu" inabaki kuwa njia ya kumwachia mtu hasara peke yake.