Kung'arisha na Kuficha

Hapa Picha ya Ndege, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, yuko kijana anayejipatia riziki kwa kuyarudishia magari sura ya ujana wao. Karakana yake ni nguzo nne na mabati machakavu. Vifaa vyake ni mashine moja ya umeme, ndoo mbili, vitambaa laini na makopo matatu ya dawa ya kung'arishia. Magari anayoyashughulikia mengi ni yale yaliyotumika kwanza Japani, yakaletwa kwetu yakiwa na umri wa miaka kumi au zaidi, na jua letu likamalizia yaliyosalia. Wateja wake baadhi ni watu wapendao usafi. Lakini wengi, kama alivyoniambia mwenyewe bila kupepesa macho, humjia kwa sababu kesho yake wanauza.

Mimi nami nilimwendea kwa sababu hiyo. Macho yangu hayaaminiki tena barabarani usiku, na mjukuu wangu alikuwa anadaiwa karo chuoni. Niliamua kuliuza gari langu, Toyota Corolla niliyoinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu nilipostaafu. Mnunuzi alikwisha patikana, mwalimu kijana wa sekondari, na tulikuwa tumekubaliana kwa maneno shilingi milioni sita. Alikuwa ameliona gari mara moja tu, tena jioni. Nikasema moyoni, heri alikute linang'aa.

Mwalimu hastaafu kujifunza, basi nikaketi kwenye benchi kuiangalia kazi. Kijana alianza kwa kuliosha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Nikamwuliza kwa nini mbili, ilhali waosha magari wa barabarani hutumia moja. Akanijibu kwamba mchanga uliotoka kwenye gari ukibaki katika maji yaleyale, kitambaa huurudisha na kuchora rangi. Ile mistari myembamba ya mviringo tuionayo juani kwenye boneti aghalabu haikuletwa na safari. Imeletwa na kuoshwa. Nikacheka, nikikumbuka malezi mengine ya watoto wetu.

Kisha akanionyesha alama mbili nyeupe juu ya paa. Ni kinyesi cha ndege, akasema, kina ukali wa asidi, na jua likikipikia pale juu hula rangi. Nikamtania kwamba mtu akiishi Picha ya Ndege hawezi kuwashitaki ndege. Naye akacheka, akawasha mashine.

Jambo alilonieleza baada ya hapo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Nilikuwa nikidhani kwamba kung'arisha ni kuongeza kitu, kama mtu apakavyo mafuta mwilini. La hasha. Kung'arisha hasa ni kupunguza. Magari ya siku hizi huwa na rangi yenyewe, na juu yake tabaka jingine lisilo na rangi, angavu kama kioo. Tabaka hilo lina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Mkwaruzo ni bonde dogo ndani ya tabaka hilo, na mwanga ukiangukia humo hutawanyika, jicho likaona ukungu. Fundi hawezi kulifukia bonde. Anachofanya ni kuvishusha vilima vilivyo pande zake, kwanza kwa dawa yenye chembe kubwa, kisha za kati, kisha laini kabisa, mpaka uso wote uwe sawa na mwanga urudi kwa pamoja. Kila mng'ao wa namna hiyo unalipwa kwa unene. Gari linaweza kung'arishwa hivyo mara chache; anayezidisha hufika kwenye rangi yenyewe, na hapo hakuna dawa ila kupiga rangi upya.

"Na ipo nyingine, Mwalimu," akaongeza. "Ipo dawa inayojaza mikwaruzo badala ya kuiondoa. Inang'aa vilevile. Ukiosha gari mara tatu nne, yote yanarudi."

Basi kuna ming'ao miwili ambayo kwa jicho ni mmoja. Wa kwanza umeondoa kasoro kwa gharama ya mwili wenyewe. Wa pili umeifunika kasoro, nayo iko palepale inangoja maji. Wahenga walisema juu ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi haukumdanganya mtu. Ni sisi tuliopenda kuutazama kwa nje.

Kazi ilipofika mlango wa dereva, kijana akachuchumaa, akapitisha vidole kule chini bodi inapopinda kuingia uvunguni. Kidole chake kikazama. Kutu ilikuwa imelila bati kimyakimya tangu miaka niliyoishi karibu na bahari. Akaniangalia.

"Mwalimu, hapa pameoza. Nikipiga puti, nikapitisha msasa na rangi, hakuna atakayejua. Elfu themanini tu. Nifunike au niache?"

Ndugu msomaji, nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Nimewafundisha maadili ya kazi vijana wengi ambao leo nao ni wazee. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Fanya kama unavyowafanyia wengine."

Jibu hilo halikuwa ndiyo wala hapana. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka jambo litendeke bila yeye kuwa amelitenda. Kijana akaenda kukoroga puti, nami nikabaki benchini na aibu ambayo sikuitambua mara moja ilikotoka. Kisha nikaitambua. Nilikuwa nimekwisha kulitoa jibu hilo zamani.

Ilikuwa mwaka 1986, katika chuo kimoja nilichokiongoza. Tuliarifiwa kwamba wakaguzi wangekuja. Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Maktaba yetu ilikuwa na rafu ndefu na vitabu haba. Walimu wenzangu wakashauri tuazime vitabu kutoka shule za jirani, tuvipange, kisha tuvirudishe. Sikusema ndiyo. Nilisema, "Fanyeni muonavyo inafaa." Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, gari la chuo likasuguliwa mpaka ukajiona usoni mwake, na rafu zikajaa. Mkaguzi alifurahi, akaandika kwamba maktaba inatosheleza. Vitabu vilipopatikana baadaye kwa ajili ya vyuo vyenye upungufu, sisi hatukuwamo. Kwa maandishi, hatukuwa na upungufu. Vijana wa miaka ile walihitimu na kwenda kufundisha watoto wa watu wakiwa wamesoma kidogo kuliko walivyostahili. Mimi niliitwa kiongozi hodari.

Yamkini utasema kwamba gari si chuo, na biashara ni biashara. Swali hili ni la kale kuliko magari. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athens kitabu juu ya wajibu wa mtu. Humo anatoa mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Aleksandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba merikebu nyingine nyingi zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Anasimulia jinsi wanafalsafa wawili walivyotofautiana. Diogenes wa Babeli aliona kwamba muuzaji asiseme uongo na atimize sheria, basi; kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater aliona kwamba mnunuzi ana haki ya kujua yote ajuayo muuzaji. Cicero mwenyewe aliuona ukimya wa namna hiyo kuwa ni kuficha. Huku kwetu pwani, waliosoma fikihi wanajua katazo la kumwacha mbuzi bila kukamuliwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyedanganyika hivyo ana haki ya kumrudisha. Angalia kwamba katika kisa cha mbuzi hakuna neno la uongo lililosemwa. Kiwele ndicho kilichosema.

Hata hivyo, sikubali hoja ya wale waonao kila urembo kuwa ni ulaghai. Kijana anayekwenda kuomba kazi hupiga kiwi viatu vyake, na hamdanganyi mtu. Hapana budi tuseme kwamba usafi ni heshima kwa anayetazama. Tena nilidhani kwa muda kwamba nimekwisha pata kanuni: mng'ao unaopunguza ni halali, mng'ao unaofunika ni haramu. Lakini kanuni hiyo haikunitosha. Boneti yangu ilikuwa imeng'arishwa kwa njia ya halali kabisa, na bado kazi yake ilikuwa kulivuta jicho la mnunuzi lisiinamie mlangoni. Ukweli mmoja uliosuguliwa vizuri unaweza kuuficha ukweli mwingine. Kwa upande wa pili, puti yenyewe haina kosa. Mtu akilitengeneza gari lake mwenyewe kwa puti hana wa kumjibu.

Nikaona kwamba kipimo hakimo ndani ya kopo la dawa. Kipimo ni swali hili: je, ningeweza kuifanya kazi hii mnunuzi akiwa amesimama hapa anaitazama? Boneti, naam, angeweza kushika hata kitambaa anisaidie. Ule mlango, hapana. Na siku ile ya 1986, je, tungevipanga vile vitabu vya kuazima mkaguzi akiwa ameketi maktabani? Swali hili haliulizi sheria inasema nini, wala wengine wanafanya nini. Na halikubali jibu la "fanya kama unavyowafanyia wengine", kwa sababu linamtaka mtu awe pale kwa mwili wake.

Nikainuka, nikamwambia kijana aache puti. Nikampigia simu mnunuzi, naye akaja na bodaboda jioni ileile. Nikamwinamisha mlangoni, nikamwambia atie kidole.

Ningependa kukuambia kwamba alinishukuru. Hakunishukuru. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na kingine ni kipi, Mwalimu?" Alidhani kwamba anayeonyesha kasoro moja kwa hiari ameficha mbili kubwa zaidi. Nilisononeka, lakini sikuweza kumlaumu. Amekulia katika soko ambalo anayesema kweli ndiye wa kutiliwa shaka, na soko hilo tumelijenga sisi tuliomtangulia, tena wengine wetu tukiwa tumeshika chaki. Alimleta fundi wake, wakalikagua gari saa mbili nzima. Mwishowe alilinunua kwa milioni tano na laki tatu, akauliza gharama ya kukata sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya. Laki saba zilizopungua nilizikopa kwa mdogo wangu ili karo ikamilike, na deni hilo sijalimaliza.

Yule fundi alinisikitikia. "Umepoteza, Mwalimu," akasema akikunja waya wa mashine yake. Nikamwambia kwamba ni kweli, nimepoteza. Sikutaka kumwambia kwamba wema hulipa, kwa sababu siku ile haukunilipa, na yeye ni mtu anayejua hesabu. Nilimwambia tu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: mng'ao wa haki hupunguza unene. Akatafakari kidogo, akaniuliza kama bado namtaka amalizie paa, pale ndege walipolila. Mnunuzi alikuwa bado amesimama nasi. Nikamwambia amalizie.